Amani inayopimwa kwa mapipa: safari ya Ledum Mitee katika Delta ya Niger

Mwishoni mwa Oktoba 1995, mjini Port Harcourt, Nigeria, mahakama maalumu ya serikali ya kijeshi ya Jenerali Sani Abacha ilisoma hukumu ya washtakiwa 15. Tisa walihukumiwa kunyongwa, akiwemo mwandishi Ken Saro-Wiwa. Sita waliachiwa. Mmoja wa hao sita ni mwanasheria Ledum Mitee, aliyekuwa naibu wa Saro-Wiwa katika MOSOP, vuguvugu la kupigania uhai wa Waogoni, kabila dogo la Delta ya Niger. Tarehe 10 Novemba wale tisa walinyongwa.

Septemba 2008 serikali ya Nigeria, safari hii ya kiraia, ilimwita Mitee huyohuyo na kumpa uenyekiti wa kamati ya watu 45 ya kuishauri ifanye nini na Delta ya Niger, eneo la kusini linalotoa mafuta. Nchi iliyokaribia kumtia kitanzi sasa ilikuwa inamwomba maoni. Ukiusoma wasifu wake harakaharaka unaona ngazi inayopanda vizuri: mwanaharakati, mshtakiwa, kiongozi wa vuguvugu, mwenyekiti wa kamati ya taifa, na kuanzia 2012 mwenyekiti wa bodi ya NEITI, asasi inayofuatilia uwazi wa mapato ya mafuta. Mimi naona ni fundo moja tu, ambalo kila alipohamia alilikuta limefungwa upande mwingine. Kwa hiyo nitamfuata yeye ili nijibu swali linalowachosha wengi: kwa nini eneo lililomiminiwa tume, bodi, wizara, mifuko na misamaha bado halitulii?

Mgeni alikuja

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Oloibiri, katika Jimbo la Bayelsa la leo, alifika mwaka 1956, pale Shell-BP ilipopata mafuta ya kutosha kuchimbwa kibiashara. Mwaka 1958 shehena za kwanza zilisafirishwa nje. Mwaka huohuo Tume ya Willink, iliyoundwa na Waingereza kusikiliza hofu za makabila madogo kabla ya uhuru, iliandika kwamba delta ina shida zake za pekee na inahitaji uangalizi wa pekee. Maana yake ni kwamba umaskini wa pale ulijulikana kabla mafuta hayajamtajirisha mtu yeyote. Kujenga barabara kwenye matope na mikoko ni ghali, na watu wanaoishi kando ya vijito vya bahari hawana kura za kumtisha mwanasiasa wa mji mkuu.

Kisha zikaja sheria. Katiba ya uhuru ya 1960 iliagiza nusu ya mrabaha wa madini irudi kwenye mkoa yalikochimbwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza na wanajeshi kushika hatamu, Sheria ya Petroli ya 1969 iliyaweka mafuta yote mikononi mwa dola, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1978 ikaiweka ardhi ya kila jimbo chini ya gavana wake. Mkulima ambaye shamba lake limepitiwa na bomba anaweza kulipwa mihogo na miti iliyong'olewa, lakini udongo wenyewe haulipwi, kwa sababu kisheria si wake. Ile nusu nayo ikakatwa na kukatwa tena, hadi miaka ya 1980 fungu la maeneo ya mafuta likawa asilimia 1.5. Mwaka 1992 likapanda hadi 3. Katiba ya 1999 ikaweka kiwango ambacho fungu halitakiwi kushuka chini yake: asilimia 13, na hapo ndipo lilipo mpaka leo.

Bila hesabu hiyo huwezi kuwaelewa Waogoni. Mwaka 1990 viongozi wao walitia saini Hati ya Haki za Waogoni, wakidai waendeshe mambo yao wenyewe, wapate sehemu ya haki ya mali inayotoka kwao, na mazingira yao yalindwe. Wakati huo walikuwa takriban nusu milioni, wakiishi katika falme sita kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 1,000. Tarehe 4 Januari 1993 watu wanaokadiriwa kufika 300,000 waliandamana bila silaha, na mwaka huohuo Shell ikaacha kuchimba Ogoni. Ukiirudia ile hati utaona haikuomba kisima cha maji wala zahanati. Iliomba mamlaka. Miradi mingi ya maendeleo iliyokuja baadaye ilijibu ombi ambalo halikuandikwa.

Wanne kabla ya wale tisa

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo wasimuliaji wengi huipita mbio. Tarehe 21 Mei 1994, huko Giokoo, kundi la watu liliwaua viongozi wanne wa Kiogoni: Albert Badey, Edward Kobani, Samuel Orage na Theophilus Orage. Mauaji hayo ndiyo yaliyotumika kuwakamata akina Saro-Wiwa na Mitee. Kesi yenyewe ililaaniwa duniani kote, na Nigeria ikasimamishwa uanachama wa Jumuiya ya Madola siku moja baada ya kunyonga. Lakini wale wanne walikuwa wamekufa kweli, na familia zao ziliishi vijiji vilevile na familia za walionyongwa.

Nalitaja kwa sababu hapo ndipo kazi ya amani katika jamii za mafuta inapokuwa ngumu kuliko inavyoonekana kwenye mabango. Mgogoro huwa unaelezwa kama kampuni upande mmoja na wananchi upande wa pili. Ukifika kijijini unakuta mpasuko ndani ya wananchi wenyewe. Wazee wanaona vijana wanawaletea wanajeshi, na vijana wanaona wazee wameshakula. Kampuni kwa muda mrefu zilikuwa zinakichochea kidonda hicho, hata pasipo kukusudia, kwa kushughulika na kijiji kimojakimoja. Penye kisima wanaitwa "jamii mwenyeji" na wanajengewa darasa. Kijiji cha pili, ambacho bomba linapita na moshi wa gesi unashukia, hakiitwi mwenyeji wa kitu chochote. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Chevron na Shell walianza kuacha mtindo huo na kufunga makubaliano na vijiji kwa makundi, wenyeji wakiwa na usemi katika kuchagua miradi. Ilikuwa hatua ya maana. Hata hivyo ilileta ugomvi wa aina mpya: nani anakaa kwenye kamati ya kundi? Asiyekuwepo na lake halipo, na waliokosekana mara nyingi ni wanawake, ambao ndio wanaoingia kwenye matope ya mikoko kuokota konokono wa kuuza.

MOSOP yenyewe haikupona ugonjwa huu. Mitee aliiongoza kwa miaka mingi baada ya kunyongwa kwa mwenzake, na baadaye vuguvugu hilo likagawanyika katika makundi yanayogombea uongozi.

Fomu ya Bodo

Sasa tuinamie kitu kimoja kidogo, maana ndani yake mgogoro wote umo.

Mafuta yakivuja Nigeria, hufanyika ukaguzi wa pamoja. Kwenye bomba wanakutana mtu wa kampuni, mtu wa serikali kutoka NOSDRA (wakala wa kushughulikia uvujaji, ulioanzishwa 2006) na mwakilishi wa wanakijiji. Wanatazama tundu, wanakadiria eneo lililochafuka, wanajaza fomu na kutia saini. Fomu ina mambo mawili yanayobeba uzito wote. La kwanza ni sababu. Ikiandikwa kutu au hitilafu ya mitambo, kampuni inadaiwa fidia. Ikiandikwa hujuma, yaani kuna mtu ametoboa, kwa sheria fidia hakuna, hata kama aliyetoboa ametoka mbali na shamba lililoharibika ni la bibi ambaye hajawahi kushika msumeno. La pili ni kiasi: mapipa mangapi, na yalianza kutoka lini.

Mtaalamu wa mabomba ni wa kampuni. Mara nyingi hata usafiri wa kufika eneo la tukio ni wa kampuni. Mwanakijiji anatia saini karatasi ya kitaalamu ambayo hana kipimo cha kuibishia.

Bodo ni mji wa Ogoni, katika ufalme wa Gokana, uliozungukwa na vijito na mikoko. Mwaka 2008 bomba kubwa la Trans-Niger lilipasuka pale kwa kasoro ya kiungo kilichounganishwa kwa kuchomelea. Wanakijiji walisema mafuta yalianza kutoka tarehe 28 Agosti. Fomu ikasema 5 Oktoba. Yalizibwa 7 Novemba. Fomu iliandika kwamba zilimwagika pipa 1,640. Baadaye wataalamu wa kujitegemea walioitwa na shirika la haki za binadamu la Amnesty International waliitazama video ya uvujaji, wakakadiria kwamba yalikuwa yanatoka kati ya mapipa 1,440 na 4,320 kwa siku. Zidisha kwa siku 72 wanazosema wanakijiji: zaidi ya mapipa 100,000 kwa makadirio ya chini. Fomu nzima, kwa hesabu hiyo, ilikuwa imeandika mafuta ya siku moja. Desemba mwaka huohuo bomba likavuja tena, na mafuta yakaendelea kutoka hadi Februari 2009.

Watu wa Bodo walikwenda mahakamani London. Mwaka 2014, kesi ikiendelea, nyaraka za kampuni zilionyesha kwamba makadirio ya mwanzo yalikuwa pungufu. Januari 2015 Shell ikakubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 kwa watu 15,600, takriban pauni 2,200 kwa kila mmoja, na milioni 20 kwa jamii. Kwa mvuvi, hizo ni pesa nyingi kuzishika kwa mkupuo. Samaki hakurudi kwa sababu hiyo. Na fikiria jamii nyingine inayotazama: imeona kwamba karatasi iliyotiwa saini kwenye matope ilipinduliwa tu baada ya miaka zaidi ya sita, katika mji mkuu wa nchi nyingine.

Utafiti mkubwa kuliko wote kuhusu uchafuzi wa Ogoni ulitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa Agosti 2011. Walipima zaidi ya maeneo 200. Huko Nisisioken Ogale walikuta watu wanakunywa maji ya visima yenye benzini, sumu inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Walisema usafishaji unaweza kuchukua miaka 25 hadi 30 na ungehitaji dola bilioni 1 kwa miaka mitano ya mwanzo. Sherehe ya kuuzindua ilifanyika Bodo Juni 2016. Wakandarasi walianza kugusa udongo 2019.

Penye udhia

Turudi kwenye kamati ya 2008 na lile swali la kwa nini Mitee aliitwa. Jibu halipendezi. MOSOP iliandamana bila silaha na ikalipwa kwa kitanzi. Kuanzia 2006 wapiganaji wa MEND, kundi la silaha la delta, waliteka wafanyakazi wa kigeni na kulipua mabomba, uzalishaji ukaporomoka, na serikali ikaanza kutafuta watu wa kuzungumza nao. Mtu asiye na bunduki alipewa kiti kwa sababu ya wenye bunduki.

Kamati ilikusanya ripoti zote tangu Willink, ikazichambua na kukabidhi yake Desemba 2008. Ilipendekeza msamaha kwa wapiganaji pamoja na mpango wa kuwapokonya silaha na kuwarudisha uraiani. Ilipendekeza pia fungu la maeneo ya mafuta lipandishwe kutoka asilimia 13 hadi 25, na uchomaji wa gesi inayotoka na mafuta ukomeshwe. Ilikuwa dawa ya vidonge kadhaa. Serikali ikameza kimoja.

Juni 2009 Rais Umaru Yar'Adua alitangaza msamaha. Walioorodheshwa walifika takriban 30,000, kila mmoja akiahidiwa naira 65,000 kwa mwezi na mafunzo. Ili ujue uzito wa kiasi hicho: kima cha chini cha mshahara kilichopitishwa nchini 2011 kilikuwa naira 18,000. Mafuta yakarudi kutiririka, zaidi ya mapipa milioni 2 kwa siku, na Abuja ikapumua. Penye udhia, penyeza rupia. Siwezi kusema ulikuwa msamaha wa bure, kwa sababu utekaji ulipungua na vijana wengi walisoma, wengine hadi nje ya nchi. Lakini mwalimu wa kijiji ambaye miaka yote aliwazuia wanafunzi wake wasiingie msituni alibaki na mshahara uleule, akitazama waliomkaidi wakilipwa. Somo hilo nalo lilifundishwa. Mwaka 2016, posho zilipopunguzwa, kundi jipya lililojiita Niger Delta Avengers lilipiga bomba la chini ya bahari la Forcados. Mwaka 2022 kampuni inayohusishwa na Tompolo, aliyekuwa kamanda wa MEND, ilipewa kazi ya kulinda mabomba.

Hapa neno "amani" linahitaji kushikwa kwa vidole viwili na kuchunguzwa. Kwa wizara ya mafuta, amani ni mapipa kwa siku. Takwimu yake hutoka kila mwezi. Kwa mama wa Bodo, amani ni kaa na konokono, na hakuna anayetoa takwimu hiyo. Programu ya amani ikifadhiliwa na anayehesabu mapipa, si lazima wawe watu wabaya, itasifiwa mapipa yakipanda hata kama kijito bado cheusi.

Nadhani ndiyo sababu hatua ya Mitee kwenda NEITI, ambayo inaonekana ya kiofisi na kavu, ina maana kubwa. Kazi ya NEITI, iliyopewa nguvu ya kisheria mwaka 2007, ni kulinganisha kile ambacho kampuni zinasema zimelipa na kile ambacho serikali inasema imepokea, kisha kuchapisha. Haisafishi udongo. Lakini kiongozi wa kijiji anayejua jimbo lake limepokea kiasi gani ana swali la kumuuliza gavana, na magavana wa delta wana mengi ya kuulizwa. Asilimia 13 ya mapato ya mafuta, kwa majimbo machache, ni mabilioni ya naira mwaka hadi mwaka. Ni rahisi kumlaumu Shell kwa shule isiyo na paa. Wakati mwingine paa lililiwa karibu zaidi.

Asilimia tatu na fundi bomba

Sheria mpya ya sekta ya petroli ilitiwa saini Agosti 2021 baada ya kusukumwa bungeni kwa karibu miaka 20. Inaitaka kila kampuni itoe asilimia 3 ya gharama zake za uendeshaji za mwaka uliotangulia na kuziweka kwenye mfuko wa amana wa jamii zinazochimbiwa. Viongozi wa delta walitaka 10. Robo tatu ya pesa ni ya miradi, moja ya tano huwekwa akiba, asilimia 5 ni ya kuendesha mfuko. Kwa mara ya kwanza fungu linaikwepa ofisi ya gavana na kwenda kwa wenyeji, na hilo si dogo.

Halafu ukisoma zaidi unakutana na kifungu kinachosema bomba likihujumiwa ndani ya jamii, gharama ya kulitengeneza inakatwa kwenye fungu la jamii hiyo. Aliyekiandika alitaka kumfanya kila mwanakijiji awe mlinzi. Kimantiki inaeleweka. Ila wezi wa mafuta wana boti za injini, silaha, na mara nyingine marafiki waliovaa sare, na mlinzi tunayemzungumzia ni mvuvi mwenye mtumbwi. Na nani atasema lile tundu ni hujuma au ni kutu? Tumerudi kwenye fomu.

Juni 2025 Rais Bola Tinubu alitangaza msamaha kwa wale tisa walionyongwa na kuwatunuku nishani. Wapo walioshukuru, na wapo waliosema anayesamehewa ni mkosaji, wao walitaka hukumu ifutwe. Wakati huohuo serikali ilikuwa katika mazungumzo na Waogoni kuhusu kuanza tena kuchimba mafuta kwao, zaidi ya miaka 30 tangu Shell iondoke.

Shell yenyewe ilikamilisha mauzo ya kampuni yake ya nchi kavu Nigeria mwezi Machi 2025, ikachukuliwa na Renaissance, muungano ambao wengi wao ni kampuni za Kinigeria. Ndani ya mali iliyouzwa limo bomba la Trans-Niger. Siku chache baada ya mauzo, bomba hilo liliwaka moto hapo hapo Bodo, na kesho yake rais akatangaza hali ya hatari katika Jimbo la Rivers, ambalo tayari lilikuwa limechafuka kisiasa. Kwenye fomu, jina la kampuni sasa ni jipya. Kisanduku cha sababu hakijabadilika.